Karatasi Iliyokataa Kuwa Nyekundu

Bismillahi, andika mjukuu wangu, na usinipambie maneno. Wasichana wa wodi ya watoto wameniletea salamu, ati, "Bi Hawa, umeondoka hukutuachia kitu, tuachie basi hata hadithi za kazi." Mie kusoma sijui. Kalamu nikiishika naiona kama mwiko uliokonda. Basi nitasema, na huyu mtoto ataandika, na pale ninapoiga sauti za watu aziandike vilevile, hata kama mwenye sauti yu hai na atanuna. Anune. Mimi nimekaa kwenye ile hospitali ya Bagamoyo tangu kabla ya vita ya pili, mpaka juzi hapa walipoona magoti yangu yanalia kuliko wagonjwa, wakaniambia nikapumzike.

Nani alipandishwa cheo, waulizeni waliopandishwa. Mie nitawapa habari ya woga, maana huo ndio nilioufanyia kazi.

Siku ya kwanza niliingia kwa mlango wa nyuma, nimejifunga kanga kama naenda msibani. Siku zile ukisikia mtu yuko hospitali, watu wanaanza kuulizana habari za sanda. Nikamkuta Bi Chiku, yaya mkubwa wa wodi, mama wa Kikwere, kifua kama kabati, sauti imekwaruzwa na ugoro. "Wee binti! Umekuja kufanya kazi au kuaga maiti? Hayo machozi unamlilia nani, na hapa hajafa mtu tangu juzi?" Akanitia ufagio mkononi. Hayo ndiyo makaribisho niliyopata.

Huyo Bi Chiku ndiye aliyenifundisha kila kitu. Beseni la kuoshea watoto usilichanganye na beseni la kuoshea sakafu, hata kama yote mawili ni ya bati na yote mawili yamebonyea. Kopo la mkojo lipigwe maji ya moto, lifunikwe, lisiachiwe nzi. Mama mgonjwa usimsemeshe kwa kusimama, chuchumaa. Na kubwa kuliko yote lilikuwa sikio. Alikuwa anasimama katikati ya wodi, watoto wanapiga kelele kama kunguru wa sokoni, yeye kafumba macho. "Wanaolia waache walie, wana nguvu. Ukisikia kitanda kimoja kimenyamaza, nenda huko kwanza." Basi tangu siku hiyo nina woga na kimya. Hata nyumbani, jirani akinyamaza sana namwendea kumgongea mlango. Wanadhani nimefuata umbea. Na umbea nikiukuta siukatai, lakini sikuufuata.

Watoto wa matege tuliwazoea. Wengi walitoka kwenye nyumba kubwa za mjini, zile za kuta nene, ambako mama hatoki na mtoto hatoki, jua wanalisikia kwa wapita njia. Miguu imepinda kama upinde, vifundo vya mikono vimevimba. Hao tulikuwa tunawatoa uani asubuhi, tunawaanika kama mpunga, na kuwanywesha mafuta ya samaki. Yale mafuta, loo! Mtoto akiiona chupa tu anaanza kuapa kwamba amepona. Lakini walikuwa wanapona. Baada ya miezi, miguu inajinyoosha, na mama anasema ni kwa sababu ya kisomo. Tunasema sawa, kisomo na mafuta.

Ndipo akaja Zena.

Vita ilikuwa imekwisha zamani kidogo, na Bi Chiku alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Yaya mkubwa sasa ni mimi. Zena alikuwa mtoto wa Kaole, umri wa mtoto anayekimbia akavunja vyungu, lakini huyu hata kusimama hakuweza. Kaja kwenye mgongo wa bibi yake. Nyuma yake anakuja mama yake, Mwanaisha, msichana mwembamba, kichwa chini, kambeba mtoto mwingine wa kiume, Salimu, mnene, mashavu hayo! Ukiwatazama wale ndugu wawili utadhani mmoja anamla mwenziwe.

"Shikamoo mama," nikamwamkia yule bibi.

"Marahaba." Jina lake Bi Kidawa. Sauti yake ilikuwa inatoka puani, ya mtu aliyezoea watu kunyamaza akianza kusema. "Nimekuleteeni huyu mtoto. Dawa za kwetu zote amekunywa. Ugonjwa wake tunaujua, hatukuja kuulizwa."

"Anaumwa nini?"

Akamtazama mkwewe. "Muulize huyo. Mtoto yumo kwenye ziwa, yeye tumbo hilo la pili limeshajaa. Amembemenda mwanawe, basi."

Nyinyi wa siku hizi mnacheka mkisikia hayo. Msicheke. Kwetu mama anayenyonyesha, akikutana na mumewe kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao akitoka nje, wanasema mtoto ndiye anayelipa. Atalegea, hatakua, miguu itamsaliti. Mtoto akiwa dhaifu, mama anatembea na kesi hiyo njia nzima, kisimani, sokoni, arusini. Na Mwanaisha ushahidi wake ulikuwa mgongoni kwake, unacheka, una meno mawili.

Akaniambia tukiwa wawili, ananong'ona kama kuta zina masikio, "Bi Hawa, mume wangu ameambiwa na mama yake angoje. Mtoto akipona, nabaki. Mtoto akifa, ndiyo itakuwa nimemuua, narudishwa kwetu, na Salimu ananyang'anywa." Mikono yake ilikuwa ya baridi. Adhuhuri ya Bagamoyo, mikono ya baridi.

Daktari wetu wakati ule alikuwa Mzungu mmoja mrefu, tulimwita Bwana Hapana, maana Kiswahili chake hakikuweza kuvuka barabara bila hapana. Alimgeuza Zena, akambonyeza mbavu, akamtazama vifundo. "Aya," akaniambia, maana yaya kwake ilikuwa aya, "hii mutoto hapana kaa ndani ya nyumba?"

"Mtoto wa Kaole, bwana. Anashinda ufukweni. Kwao jua ndilo kitu pekee kisichopungua."

Akakuna kichwa. Tukampa mafuta ya samaki. Tukamwanika, japo ilikuwa kama kumwagilia bahari maji. Wiki zikapita, mwezi ukapita. Wenzake wa matege wanaanza kusimama kwa kushika vitanda, Zena anapungua. Anakunywa maji kama mtu aliyetoka safari, anakojoa bila kiasi, chakula anatapika. Kisha akaanza kupumua kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka, na hana homa, hana kikohozi. Mtoto kalala tu anahema kama aliyekimbizwa. Nikikaa karibu naye nilikuwa najikuta nami nahema.

Ndipo Bwana Hapana akatoa kile kijikebe chenye vipande vya karatasi ya buluu, vyembamba kama utambi. "Aya, mimi nataka mukojo ya Zena, ya asubui, mbele ya chakula. Karatasi naingia, kama nageuka nyekundu, figo iko muzuri. Kama hapana geuka, figo iko mubaya."

Nikamweleza Mwanaisha. Kopo safi, asubuhi, kabla ya uji. Akaniuliza, "Karatasi itageuka rangi?"

"Itageuka, au itakataa."

"Na rangi ndiyo itasema kilichomfanya mtoto awe hivi?"

"Ndiyo," nikasema, "daktari ataona humo."

Nilidhani nimemjibu. Sikujua tulikuwa tunazungumza mambo mawili. Mimi nasema figo, yeye anasikia kiapo. Kwao Kaole mtu anayeshukiwa analishwa kiapo, kinamsema, na sasa yeye akaona serikali nayo ina kiapo chake, cha karatasi.

Asubuhi akaleta kopo limefunikwa kwa kitambaa. Daktari akachovya. Nyekundu. Kesho yake, nyekundu. Siku nyingine tena, nyekundu kama ua la mkomamanga. "Figo iko muzuri," daktari akasema, na uso wake ukamshuka, maana alikuwa ameshategemea kuuona ugonjwa humo. Nikampelekea Mwanaisha habari, "Karatasi imegeuka nyekundu, figo za mwanao nzima." Akasema alhamdulillahi, akakaa chini, akalia kilio ambacho sikukielewa. Mtu kapewa habari njema, analia kama kafiwa. Nikasema labda uchovu.

Zena akazidi. Shingo ikawa haishiki kichwa. Na ile sauti ya kuhema, iliyokuwa inanitisha, ikaanza kupungua, na hapo ndipo nilipotishika kwelikweli. Nilikuwa nakwenda kitanda cha mtoto mwingine, nasimama, nafumba macho kama Bi Chiku, natafuta pumzi yake katikati ya kelele. Naipata. Naipoteza. Naipata.

Bwana Hapana akasema, "Mimi hapana jua tena. Kama mama anataka enda nyumbani na mutoto, hapana kataa." Mnajua maana ya daktari kusema hivyo. Bi Kidawa naye alijua, alikuwa amekaa barazani. Akasimama, akafunga kanga kiunoni. "Mvalishe," akamwambia Mwanaisha, "tukamzike kwetu." Mtoto anapumua, anasemewa hivyo!

Daktari akamwinua Zena mara ya mwisho, kumsikiliza kifua. Akamweka kwenye mkono, hivi, kama mtu aliyebeba samaki asiyemzoea. Basi Zena, ambaye hata nguvu ya kulia hakuwa nayo, akamkojolea. Mkono, shati, suruali mpaka soksi ndefu. Mimi nikataka kucheka, Mungu anisamehe, nikauma upindo wa kanga. Lakini yule Mzungu hakusonya. Akasimama vilevile, maji yanamchuruzika, macho yamemtoka. "Aya. Karatasi. Upesi."

Nikampa. Akaipaka kwenye mkono wake uliolowa.

Buluu.

Akachukua nyingine. Buluu. Akadhani karatasi zimeharibika, akanituma mkojo wa mtoto wa kitanda cha pili, akachovya, ikawa nyekundu papo hapo. Akarudi kwa Zena. Buluu, imekataa katakata. Kisha polepole akageuza kichwa akamtazama Mwanaisha.

Mwanaisha alikuwa ameshaanguka miguuni kwangu. Si kwa daktari, kwangu. "Bi Hawa, ulikuwa wa Salimu! Nilikuwa nakinga wa Salimu! Nilijua wa Zena utanisema! Usimwambie mama, Bi Hawa, nakuomba, usimwambie!"

Na Bi Kidawa kasimama mlangoni, kasikia yote.

Wodi nzima ikanyamaza, hata wale watoto. Nikaogopa kwa ule ukimya kuliko nilivyowahi kuogopa. Bi Kidawa akaingia, fimbo yake inagonga sakafu. "Karatasi imekataa," akasema. "Imesema nini? Nataka kusikia mbele ya huyu."

Nikamgeukia daktari. Nikamwambia, bwana, sema taratibu, na sema vizuri, maana kuna ndoa ya mtu hapa. Sijui kama alinielewa. Lakini alichuchumaa, na soksi zake zilizolowa, akachora figo kwa kidole sakafuni. "Mama. Kila mutu akikula chakula, damu nabaki na chachu kidogo. Figo nachukua chachu, natupa kwa mukojo. Hii mutoto tangu zaliwa figo yake hapana weza tupa. Chachu nabaki kwa damu, nakula mufupa. Mafuta ya samaki hapana saidia. Jua hapana saidia."

Bi Kidawa akanitazama. Nikamtafsiria kwa Kiswahili cha watu. Nikamwambia, mama, unajua samaki ukimlaza kwenye ndimu na siki, unavyokuta mfupa umelainika unaweza kuutafuna? Ndivyo mifupa ya Zena. Analala kwenye ndimu yake mwenyewe, kwa sababu mlango wa kutokea ndimu umezibwa tangu alipoumbwa.

"Aliyeuziba nani?"

"Aliyemuumba."

Akarudi barazani akakaa. Lakini hakusema tena habari ya kumvalisha mtoto.

Dawa ikachanganywa, magadi ya hospitali na chumvi zake, kijiko asubuhi, mchana, jioni. Nikadhani sasa tumevuka. Kumbe! Baada ya kuianza, Zena akalegea mpaka mikono ikawa kama kitambaa kilicholowa, hata kumeza kukawa shida. Mwanaisha ananitazama tu, na macho yake yananiambia, unaona? Bwana Hapana akasema damu imepungukiwa na chumvi nyingine, ya namna yake, na hiyo ipo Dar es Salaam, na masika yamekata barabara kule Kerege, lori limekwama. Akasimama dirishani anautazama mnazi uliokuwa uani. Akasema, "Dafu. Maji ya dafu iko na ile chumvi. Lete dafu, mingi."

Aliyeleta ni Bi Kidawa. Alikwenda Kaole kwa miguu kwenye mvua, akarudi na mtu kabeba madafu kwa mzegazega begani, na hakumruhusu mtu mwingine kuyafungua. Anakata mwenyewe, anamimina mwenyewe, Mwanaisha anamshika Zena shingo, mimi namnywesha kwa kijiko cha chai, tone, ameze, tone, ameze. Nje mvua, ndani ni kile kijiko tu. Kila akichelewa kumeza, sote watatu tunaacha kupumua, na akimeza, sote tunameza pamoja naye kama wajinga.

Lori likafika barabara ilipokauka. Chumvi ikaongezwa kwenye dawa. Siku moja natandika kitanda cha mbali, nikasikia mtu ananitukana. "Bi Hawa una kichwa kikubwa!" Zena huyo, kakiinua kichwa chake mwenyewe kutazama changu. Nilimjibu, "Na wewe una adabu ndogo," kisha nikaenda kusimama nyuma ya mlango.

Akaruhusiwa, lakini kwa sharti. Dawa kila siku, maisha yake yote, na kila chupa ikiisha walete na mkojo wa asubuhi. Daktari akanionya, "Ya Zena siku zote nabaki buluu. Dawa nasaidia damu, hapana tengeneza figo." Mimi nikawa ndiye ninayechovya na kumwonyesha. Wanakuja wote, Bi Kidawa mbele na fimbo, Zena kashikwa mkono anatembea kwa matege yake, na Mwanaisha nyuma kabisa, karibu na geti. Mtoto anapona, lakini yeye haitwi, hakaribishwi kukaa. Kesi yake haikufutwa, iliahirishwa tu. Na mimi kila wakichelewa nilikuwa nahesabu mabaya, chupa imevunjika, dawa imemwagwa, bibi kamrudisha mtoto kwa waganga.

Vuli ilikuwa imekwisha. Asubuhi moja Bi Kidawa akaingia peke yake, akafunga mlango kwa fimbo. Akaweka kopo mezani.

"Shikamoo mama. Zena yuko wapi?"

"Pima kwanza."

Nikachovya. Ikawa nyekundu.

Mjukuu wangu, nywele zilinisimama ndani ya ushungi. Nilijua huo si wa Zena, hauwezi kuwa wa Zena. Nikasema mtoto amekufa, wamemzika, na huyu mama kaleta mkojo wa mtu ili apate sijui nini. Nikapiga kelele, "Zena yuko wapi?"

Kutoka barazani sauti ikajibu, imejaa deko, "Nipo huku, bibi kaniambia nisiingie! Na wewe unapiga kelele kama bata!"

Nikakaa. Nikamtazama Bi Kidawa. Alikuwa anaitazama ile karatasi.

"Wangu," akasema. "Kabla ya kumpata baba yake Zena nilizaa wengine. Walilegea hivihivi, nikawazika hivihivi. Mama mkwe wangu alisimama mbele ya watu akasema nimewabemenda. Nimekaa na neno lile mpaka leo. Sasa niambie. Imesema nini?"

Mie naiga kila mtu, mnanijua. Namwiga Bwana Hapana, namwiga marehemu Bi Chiku, namwiga shekhe akiwa na mafua. Ile sauti aliyoniuliza nayo, msiniombe niiige.

Nikamwambia, "Imesema figo zako nzima, mama."

"Na lile jingine?"

"Lile haijui. Haijawahi kulijua. Haikulijua kwako, na kwa Mwanaisha pia haikulijua. Inajua chachu tu."

Alinyamaza mpaka nikaanza kusikiliza pumzi yake, kwa mazoea. Kisha akauondoa mkono kwenye fimbo, akafungua mlango, akaita kwa sauti ile ya puani, ya kuita mtu aliye mbali. "Mwanaisha! Geti hilo unalinda wewe? Njoo ndani."

Mwanaisha akaja mbio, na akaiona karatasi nyekundu mezani. Nikauona ule woga wote unamrudia usoni, anamtazama Zena, ananitazama mimi, anatafuta kosa lake lipya.

Bi Kidawa akasogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa upindo wa kanga.

"Huo ni wangu," akamwambia. "Kaa."